Filta Iliyotengenezwa Kila Jumamosi

Kitendawili. Najua umesema tega, basi: mwanangu akiachwa hulia, akifinywa hunyamaza. Jibu ni bomba. Nati ikilegea linadondosha, ukiifinya linanyamaza. Niliwatega hicho watoto wanaokuja kuogelea kwetu, na mmoja mwenye meno mawili ya mbele akajibu haraka, "Mume wa Mwalimu." Wenzake wakacheka mpaka wakanywa maji ya bwawa. Watoto wanasikia kila kitu.

Mwalimu ni binti yangu. Anafundisha kuogelea nyuma ya nyumba, kwenye bwawa dogo ambalo mumewe, fundi wa mabomba, alilichimba na kulijenga mwaka waliooana. Alikuwa akisema watoto wao wataogelea kabla hawajajua kutembea. Watoto hawakuja. Wakaja wa watu, na kofia zao za mpira, na binti yangu akawapenda hao hao.

Kisha tukasikia Fundi ana mtoto ng'ambo ya mji, kwa mwanamke mwingine. Hakukana. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, mikono katikati ya magoti, akasema, "Ni wangu." Binti yangu hakupiga kelele wala hakuvunja sahani. Alimkunjia nguo zake zote, akazikunja vizuri kuliko siku yoyote ya ndoa yao, na hapo ndipo nilipoogopa.

Fundi akahama. Hazikupita siku nyingi, filta ikaanza kuvuja.

Filta yetu ni pipa la buluu linalonifika kifuani, limejaa mchanga. Pampu inasukuma maji ya bwawa yapite mchangani, uchafu unabaki humo, maji yanarudi safi. Juu ya pipa kuna kichwa chenye mkono wa kuzungusha, na shingoni, kichwa kinapokutana na pipa, pamewekwa mpira wa duara wa kuzuia maji. Hapo ndipo palipokuwa panavuja. Si kuvuja kwa kutisha. Tone, ukisubiri tone jingine, kama pua ya mtoto mwenye mafua.

Fundi alikuja Jumamosi, watoto wakiwa wamekwenda zao. Akazima pampu, akafungua, akafuta, akafunga, pakakauka. Katikati ya wiki, tone. Jumamosi akarudi. Ikawa ndiyo desturi. Mimi nilikuwa nakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa namtazama, tunachokozana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumwona mgonjwa wako?"

"Mgonjwa mwenyewe haponi."

"Labda tumpeleke kwa daktari mwingine."

Alicheka huku uso umeinamia pipa, sauti ikatoka kama ya mtu aliye kisimani.

Chai aliileta binti yangu mwenyewe. Hakukaa, ila hakuwa na haraka ya kuondoka. Alisimama mlangoni mwa banda la pampu, akauliza, "Ni mpira tena?"

"Ni mpira."

"Haya."

Maneno hayo niliyaokota kama kuku anavyookota punje. Nilijiambia, watu wanaoulizana hali ya mpira ipo siku wataulizana hali zao.

Darasani sikukaa sana, lakini kazi ya mkwe wangu naijua. Mabomba ya nyumba hii kayaweka yeye, na hakuna hata moja lililowahi kudondosha. Ya shule ya jirani ni yake pia. Mtu wa namna hiyo atashindwaje na kipande cha mpira? Kila Jumamosi niliona anavyofanya: anautoa mpira uleule uliochakaa, anaugeuza upande wa pili, anaurudisha palepale. Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahi.

Jumamosi moja binti yangu hakuleta chai. Alileta mpira mpya ndani ya mfuko wa karatasi, akauweka juu ya pampu.

Fundi akautazama. "Ninao mwingine," akasema taratibu. "Uko kwenye gari."

"Najua. Niliuona siku ile nilipokwenda kuchukua kikombe ulichokisahau garini. Uko chini ya kiti."

Nilitaka kuinuka niwapishe. Nikabaki kwenye ndoo yangu.

"Kumbe ulijua," Fundi akasema.

"Nilijua. Na mimi kila Jumatano nilikuwa nakuja humu kuangalia kama imeanza. Nikiona tone, nafurahi. Mtu mzima na akili zangu, nafurahia filta inayovuja." Alikuwa anaongea na ukuta kuliko anavyoongea naye. "Wiki hii nilikuja nikakuta pakavu. Nikashika spana, nikalegeza nati mwenyewe. Ilipozunguka mkononi mwangu nikajiona nilivyo. Nikasema, basi, imetosha."

Fundi akautoa mpira mpya kwenye mfuko.

"Mwanao anatembea?"

"Ameanza."

"Basi Jumamosi atakuwa anakutafuta kila chumba." Akanyoosha kidole kwenye shingo ya pipa. "Nifungie vizuri. Kama unavyowafungia watu wengine."

Nikasema, "Kitendawili." Hakuna aliyesema tega.

Fundi akaanza kazi. Aliinua kichwa cha filta kwa mikono miwili, akaziba bomba la katikati kwa kitambaa ili mchanga usidumbukie. Mpira wa zamani akautupa. Alifuta ukingo wa pipa, akarudia, kisha akapitisha ukucha akatoa chembe moja ya mchanga ambayo mimi hata sikuiona. Mpya akaupaka mafuta yake, akaulaza mahali pake kama unavyomlaza mtoto usitake aamke. Akarudisha kichwa, akakaza nati, huku kidogo, kule kidogo, zende sawa.

Mwishoni mkono wake ukasimama, spana ingali kwenye nati. Nilimwangalia binti yangu. Nilimwomba kwa macho aseme neno lolote, hata la hasira.

"Haijakaza hiyo," akasema.

Fundi akaizungusha mpaka ikagoma.

Pampu ikawashwa. Hewa ikatoka kwa kufoka, mshale wa presha ukapanda, ukatulia. Watu watatu tuliitazama shingo ya lile pipa, na nadhani sote tulikuwa tunaomba tone moja. Pakabaki pakavu.

"Nitapita wiki ijayo niiangalie," Fundi akasema.

"Ikivuja nitakuita."

"Haitavuja." Alilisema kama mtu anayekiri kosa.

Binti yangu akaitikia kwa kichwa. "Asante, fundi," akasema, akaingia ndani. Wengine wote tulimwita Fundi. Yeye hakuwahi kumwita hivyo.

Fundi akakusanya vifaa vyake, akanawa, akaja kuinama mbele yangu.

"Bado naweza kukuita mama?"

"Unataka uniite nani, shangazi?"

Akajaribu kucheka, akashindwa. Nikamshika kichwa, nywele zimejaa vumbi la banda, kisha nikamwachia, kwa sababu hakuwa wangu wa kumshika tena.

Jumamosi iliyofuata watoto walipokwisha kuchukuliwa na wazazi wao, nilimtafuta binti yangu nyumba nzima. Nilimkuta bandani amechuchumaa, bado na nguo zake za kuogelea, anapitisha kidole kuzunguka shingo ya filta.

"Vipi?" nikauliza.

"Pakavu, mama."

"Ni fundi mzuri yule."

"Ni fundi mzuri sana," akasema, kisha akaegemeza paji la uso kwenye pipa, na kilio alichokifungia tangu siku ya zile nguo kikamtoka. Pampu ilikuwa inaunguruma, sauti ya binti yangu ikamezwa humo, nikawa naona tu mabega yanavyotikisika.

Nikakaa chini ubavuni mwake, nikaweka mkono mgongoni kwake. Nilikaa sakafuni, pale palipokuwa na maji miezi yote ile, na kanga yangu haikulowa.