Siku Samuel Aliyofika Bila Kuyumba

Watu wazima wa Kitengela wanapenda sana kuwahubiria vijana kuhusu pombe, utadhani ni vijana waliokunywa mashamba yakaisha. Hebu uliza darasa la Metito. Karibu nusu yao hawajawahi kuonja, na si mahubiri yaliyowazuia. Kila mmoja yuko na mlevi nyumbani wa kumvua viatu. Metito, miaka kumi na saba, yuko na babake, Samuel. Mama alishakufa, na mmoja lazima abaki na macho.

Ekari hamsini za Samuel zilikuwa zimebaki tano: boma, ng'ombe wanne na kaburi la mama. Isaac, dalali aliyetahiriwa rika moja na Samuel, alikuwa amezipatia mnunuzi. Mara mbili Samuel aliitwa mbele ya bodi ya ardhi kule Kajiado athibitishe kwamba anauza, na mara mbili alifika akiyumba. Mwenyekiti akamrudisha nyumbani, akisema hapokei neno la mlevi.

Metito aliona aibu hiyo, akapiga hesabu yake. Baba si mjinga, alijiambia; inayouza ni pombe. Akiwa na akili zake atalikumbuka lile kaburi, atakataa. Basi kabla ya kikao cha tatu aliacha shule siku nne, akamganda babake kama kupe. Alimwaga chupa zilizofichwa kwenye zizi la ng'ombe, akamnywesha supu ya dawa, akamshika alipotapika na kutetemeka. Alitukanwa matusi ambayo hata mbwa hatukanwi. Alivumilia, jamani, mtoto wa watu alivumilia.

Siku ya tano Samuel aliamka mzima. Alinyoa ndevu, akavaa shuka safi, akamuuliza kijana habari za mitihani. Miaka mitatu hakuwa ameuliza. Metito alifurahi mpaka akaona haya.

Kajiado, mwenyekiti alimtazama mzee, akasema leo wanaweza kuongea. Akamuuliza kama anauza kwa hiari yake. Metito, ambaye hakuwa na umri wa kuulizwa lolote, alisimama mlangoni akingoja babake akatae.

"Ndiyo, nauza," Samuel alisema.

Akatia sahihi.

Nje kijana alimuuliza kwa nini. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujali nani anaona.

"Nilimpa Isaac neno langu," Samuel alijibu polepole. "Mtu wa rika langu singeweza kumkatalia. Ningeweza tu kufika nimelewa."

Hakumlaumu. Alimgusa kichwani, jinsi mzee anavyomsalimia mtoto, kisha akavuka barabara kumfuata Isaac kwenye baa. Metito aliketi kwenye ngazi kumngoja, maana jioni kungekuwa na viatu vya kuvua.