Waliobaki Majini

Tulikuwa waokoaji tisa pale ufukweni. Kila jioni mkuu wetu alipopuliza filimbi, kila mmoja alitaja namba yake, ijulikane nani hajatoka majini. Leo tumebaki hai wawili, mimi na yeye, na hata sura yangu imemtoka akilini.

"Baba mdogo, usijisumbue," binti yake aliniambia nilipofika kwao kumwona mzee.

Mimi ni mbishi tangu tumboni mwa mama. Nikatoa filimbi ya zamani, nikaipuliza palepale sebuleni.

Mzee akakaa wima. "Moja!"

Akasubiri namba zinazofuata.

"Tisa," nikaitika, machozi yakinilengalenga.

Akaanza kuvua shati. "Watu saba wako majini!"

"Walishatoka wote, mkuu."

"Acha uongo! Sasa mbona hawaitiki?"