Punje Mia za Mwenyekiti

Mafuriko yalipopita, kikundi cha wakulima kilibakiwa na gunia moja la mbegu za mahindi, nalo lilikuwa limelowa. Bwana shamba alilipapasa, akaguna.

"Mwenyekiti, hesabu punje mia, zifunge kwenye kitambaa kibichi. Siku ya nne nakuja. Zikiota themanini, pandeni. Zisipofika, subirini mbegu za msaada."

Msaada ungefika mwezi ujao, unyevu wa shamba ukiwa ushaaga.

Mwenyekiti akazilaza punje zake kwenye sufuria jikoni, chini ya ukuta ambao maji yaliuachia mstari usawa wa kifua. Akawa anazichungulia kuliko alivyowahi kumchungulia mchumba.

Siku ya nne, akitoka kuzibua mfereji, alimkuta shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe aliyekuja kusaidia kukomba tope, ameketi jikoni anatafuna. Sufuria ilikuwa motoni.

"Shemeji, unakula nini?"

"Mahindi yako, bwana mchoyo. Umeyaficha mpaka yameota mikia. Nikayawahi kabla hayajaharibika."

"Huo ulikuwa mtihani wa kikundi."

"Basi nimeufanya. Umepungua chumvi tu."

Bwana shamba akapiga hodi papo hapo. Alipoelezwa, aliegemea mlango akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Mwageni kwenye sinia. Mzizi hauyeyuki kwa kuchemshwa."

Wakahesabu, vichwa vitatu juu ya mvuke, vidole vikiungua. Zenye mikia, sabini na saba. Zisizo nayo, tisa.

"Zimepungua tatu," mwenyekiti akasema.

"Na kumi na nne zimo tumboni humo." Bwana shamba akaokota punje moja kati ya zile tisa, akaipeleka mdomoni. "Dada, ulizokula zilikuwa na mikia?"

"Zote, ndizo laini. Hizo tisa nilizijaribu zikanishinda, nikazirudisha. Nina magego mawili tu, siyatumii kusagia mawe."

Bwana shamba akairudisha punje kwenye sinia taratibu, akaandika tisini na moja. Mwenyekiti akacheka mpaka akafuta machozi kwa kile kitambaa cha mbegu.

Kesho yake kikundi kizima kilishuka shambani, kwenye tope jeusi laini lililoachwa na mto. Shemeji alipotokea na jembe begani, walilifunga gunia mafundo matatu.

"Mtaalamu wetu huyo," mmoja akasema. "Mpeni mashimo achimbe, mbegu zikae mbali."

"Fungeni tu," shemeji akajibu, akipiga jembe la kwanza. "Siku ya kuvuna mje mnifunge na mimi."