Mvumo Kwenye Mtambo wa Marehemu

Uligeuza shingo. Usiseme ulikuwa na haraka. Mchana ule mtaa mzima ulipata haraka kwa pamoja.

Basi sikia yaliyomkuta Mama Waya, mjane wa fundi. Mlingoti wa simu ulianguka mvua zilizopita, wakubwa wakaahidi, ahadi ikaota kutu. Tangu hapo mto ukifura, habari hufika bondeni kwa redio ya upepo tu, mtambo wa kizamani wenye taa za kioo tumboni, alioachiwa na mumewe. Yeye huutazama mto dirishani na kusema. Wifi yake kule chini husikia, hugonga kengele, watu wakapanda mlimani.

Sasa mtambo ulikuwa unavuma.

"Wifi, siku hizi unafuga nyuki?" Sauti ya wifi ilitoka safi, ikicheka. "Nasikia vuuu tu. Ukisema kitu, sikipati."

Mama Waya akachomoa kipaza sauti. Mvumo ukabaki. Akazima, akaumaliza umeme uliojificha ndani, mkono mmoja mfukoni kama alivyofundishwa na marehemu: mkono mmoja hutengeneza, miwili huzikwa. Akabadilisha kapasita inayotunza umeme huo. Akabadilisha taa. Wifi akasema nyuki wamezaa.

"Uzee huo, dada," kinyozi wa ng'ambo ya barabara alimwambia kutoka mlangoni pake. "Hata goti langu linavuma."

"Goti lako halikutumwa bondeni."

Lakini moyoni alikubali. Ndilo kosa lake: mzee akiugua, husingiziwa uzee. Siku nzima alipekua matumbo ya mtambo, na huko milimani mvua inamwagika. Maji ya mto yalipolamba ngazi za kutekea, akauwasha tena, kiwiko kikagusa bati la mtambo. Likamuuma.

Bati lile halijawahi kumuuma mtu. Akaufuata waya wa ardhini, nyuma ya meza, dirishani, hadi nje ukutani. Umekatwa. Fimbo ya shaba iliyouzamisha umeme udongoni imeng'olewa, limebaki tundu; mvumo umekosa pa kuzama.

"Walikuja na mkokoteni," kinyozi alisema, akikitazama kichana chake. "Nilidhani umewatuma."

"Ulidhani?"

Kinyozi akapuliza nywele kwenye kichana. "Hapana. Nilikuwa na mteja."

Ndani, redio ikaita. "Wifi? Maji vipi huko? Watoto nimewalaza, niwaamshe? Nijibu, basi. Nasikia nyuki tu."

Mama Waya alisimama na ncha ya waya mkononi, maji yakipanda ngazi ya pili.

Mteja yule ni wewe. Taulo shingoni, kioo mbele yako, na ndani ya kioo ukauona mkokoteni wote, na shaba, na mikono. Ukageuza shingo, ukamwambia kinyozi apunguze pembeni.

Pale uani kwako ipo nondo, na waya wa kuanikia nguo ni wa shaba. Weka chini unachosoma. Ing'oe nondo, fungua waya, chukua nyundo, uje uipigilie kwenye tundu lile, dirishani kwa Mama Waya. Nguo zikianguka matopeni ziache. Sasa hivi, wifi bado anauliza.