Mshahara wa Mwisho wa Estella

Estella aliacha kazi kwa adabu zote. Alimpa patron wetu, Papa Athanase, notisi ya wiki nne, akamfundisha msichana wa kumrithi, akafuta hata vioo vya duka la simu. Sheria ya Afrika Kusini haina mafumbo: mtu akiondoka kazini, alipwe ndani ya siku saba mshahara wake wote pamoja na likizo ambayo hakuichukua. Patron anaijua vizuri. Ikimfaa yeye, huisoma kwa sauti.

“Patron, siku saba zimeisha,” Estella alimwambia kwenye kaunta, nami nikiwa kando nabadilisha kioo cha simu. “Landlord wa Glenwood anataka kodi lundi, Jumatatu asubuhi. Atatupa vitu vyangu inje.”

“Sheria, sheria! Sisi iko bandugu, ma fille. Kuya kanisani dimanche, nitakupatia.”

Kanisani! Kana kwamba duka halina droo ya pesa.

Jumapili, kwenye ukumbi tunaokodi Pinetown kwa ibada, Papa Athanase, ambaye pia ni shemasi, alishika kipaza sauti. Alinukia marashi hadi viti vya nyuma. Akasema Mungu amemgusa moyo ambariki dada anayeondoka dukani kwake, kisha akainua bahasha juu. Vigelegele! Jasho la mtu linapungwa hewani kama zawadi ya harusi.

Estella akapiga magoti kupokea, kwa sababu ya ile kodi. Patron akamwekea mkono kichwani. Mkono ule ule uliomkata pesa kila taxi ilipomchelewesha, leo unambariki. Pua yangu ilijikunja yenyewe.

Estella akafungua bahasha pale pale, akatazama ndani.

“Patron, hii ni nusu. Na congé yangu, ile likizo, iko wapi?”

“Ile ingine yote, na ya congé, nimeitoa offrande kwa jina yako,” akajibu akitabasamu, akionyesha bahasha kubwa juu ya kapu la sadaka. “Mungu atakurudishia mara mia!”

“Amina!” ukumbi ukaitika. Watu wazima, wenye akili zao, wengine wakifuta machozi!

Estella akasimama, akaliendea kapu. Mama mmoja akaanzisha wimbo wa shukrani. Estella akaichukua ile bahasha. Wimbo ukakatika.

“Rudisha! Ni ya Mungu hiyo!” patron akafoka.

“Mungu hakuniandika kazi, patron. Ni weye.”

Akakichukua kipaza sauti kutoka mkononi mwake, akahesabu noti za bahasha zote mbili, sote tukisikia. Mshahara ulitimia. Ya likizo haikuwemo hata senti. Mungu mwenyewe, patron alikuwa amempunja.