Kilo Sitini na Moja

Jumatatu asubuhi, katika wodi ya wagonjwa wa akili ya hospitali moja mjini Bunia, Léontine alishuka kwenye mizani na mshale haukurudi sifuri. Alipokuwa juu yake ulionyesha kilo mia moja na kumi na nne. Aliposhuka ulisimama kwenye sitini na moja, na juu ya mizani hapakuwa na mtu.

Muuguzi Clémence alimpeleka akapimwe tena kwenye mizani ya wodi ya wazazi. Alikuwa na hamsini na tatu, uzito aliokuja nao miaka miwili iliyopita, alipokimbia Djugu baada ya wanawe wawili kuteketea ndani ya nyumba. Gauni lilimteleza mabegani. Isidore, mkuu wa wauguzi, aliagiza vipimo vyote viwili viandikwe kwenye fishi, kadi yake ya matibabu.

Saa nne mshale ulirudi sifuri. Wakati huohuo godoro la Léontine lilibonyea katikati bila mtu juu yake, na vyuma vya kitanda vikalia. Akapewa kitanda kingine, karibu na dirisha.

Sindano za kila mwezi zilikuwa zimezinyamazisha sauti za wanawe alizokuwa akizisikia kichwani, lakini zilimletea njaa isiyoshibishwa. Alilisema hilo mara nyingi. Alisema pia kwamba kifua kinambana akipanda ngazi. Isidore alijibu kwamba kichwa kibovu hakijui habari za kifua, akampunguzia fufu, ule ugali wa muhogo.

Sasa kwa kuwa alikuwa mwembamba, daktari alimsikiliza kifua kwa mara ya kwanza. Moyo ulikuwa mzima.

“Miye niko muzima, mama Clémence,” Léontine alisema daktari alipoondoka. “Ule wa ku kitanda njo iko mugonjwa. Mumusikilize na yeye.”

Clémence aliweka kifaa cha kusikilizia moyo juu ya shimo la godoro. Alisikia moyo ukienda mbio, ukisita, ukianza tena, na pumzi fupi za mtu aliyejaa maji mapafuni. Chini zaidi, watoto wawili walikuwa wakizungumza polepole.

Alimwita Isidore. Isidore alisikiliza kwa makini, akakubali kwamba moyo ule unaumwa. Kisha akasema ni moyo wa mgonjwa wa akili, na wodi ya moyo haiwapokei hao.

Alhamisi mchana pumzi zilikoma. Wanaume wanne walibeba machela tupu hadi makaburini, wakapumzika mara mbili njiani. Léontine alitembea nyuma yao, amejifunga kitenge cha Clémence, akilia bila sauti. Kwenye sababu ya kifo Isidore aliandika: wazimu.

Sindano ziliendelea. Wiki ya tatu Léontine alimwambia Clémence kwamba njaa imerudi, na kwamba watoto wake wanamwita kutoka makaburini, wakimuuliza kwa nini amewaacha kule.

Clémence aliandika yote mawili. Isidore akasoma, akakata mstari wa njaa kwa rula, akauacha wa watoto, na kando yake akaandika dozi iongezwe.