Prokhor na Filamu ya Binti Yake

Mume wangu Prokhor hajui kusema uongo, na huo ndio ugonjwa uliotutesa miaka yote ya ndoa. Alifundisha fasihi hapa Kostroma mpaka akastaafu, na kuna riwaya moja nene ya zamani aliyoipenda kuliko hata mimi. Alimsomea binti yetu Ulyana riwaya hiyo tangu hajaota meno. Sasa Ulyana ni mwigizaji huko Moscow, riwaya imetengenezewa filamu, na yeye ndiye Kapitolina, yule binti anayemwacha kapteni aende zake ili abaki kumtunza baba yake kipofu.

"Mama," aliniambia kwenye simu, "wengine waseme watakalo. Mimi nataka neno la baba tu."

Alikuja Kostroma siku filamu ilipofika, nasi ukoo mzima tukajaza safu ya sinema. Ee Mungu wangu! Kapteni alikuwa na meno ya tangazo la dawa ya mswaki. Farasi walikimbia bila sababu. Ilipofika sehemu Kapitolina anapoagana na kapteni, mvua ikamwagwa, muziki ukalia, na mwanangu akapiga kelele za mapenzi mpaka sauti ikamkauka. Prokhor alijikunyata kitini kama mtu anayeng'olewa jino. Nikamfinya paja asije akaropoka.

Mchana huo tuliketi nyumbani kula mikate ya kabichi na uyoga wa chumvi. Kaka yangu Arkadi, mchokozi wa kuzaliwa, hakungoja hata tushibe.

"Haya, shemeji, simama utuambie. Au leo mwalimu hana somo?"

Prokhor akasimama, akainua glasi ya vodka. Kwetu glasi ikishainuliwa hairudi mezani mpaka inywewe, na hainywewi mpaka neno lisemwe. Basi akabaki pale, uongo hauji, ukweli unamkaba. Ulyana alikuwa amekodoa macho. Nilitamani kumpiga mume wangu kwa mwiko.

"Filamu ni takataka," akasema mwishowe.

"Wewe mzee!" nikafoka. "Mtoto wako mwenyewe!"

Lakini Ulyana akaangua kicheko. "Asante, baba! Tangu asubuhi nabusiwa na waongo tu. Yale maneno nilipewa siku ileile ya kurekodi. Nikawaambia watengenezaji, jamani, kwenye kitabu Kapitolina anaagana bila kusema hata neno. Wakasema watu watasinzia."

"Na wewe ungefanyaje?" akauliza baba yake, glasi ingali mkononi.

Ulyana akainuka. Akachukua birika, akammiminia chai taratibu, kama anayemhudumia mgeni yeyote. Akamsogezea kibakuli cha jamu. Akafuta tone lililodondoka mezani, ingawa hapakuwa na tone. Kisha akamtazama, na nikaona wazi kwamba huyu ndiye kapteni, anaagwa na hatarudi tena. Hata Arkadi aliacha kutafuna, uyoga mdomoni.

Machozi yalimtiririka Prokhor mpaka kwenye masharubu.

"Nimemsoma Kapitolina maisha yangu yote," akasema. "Leo ndipo nimemwona."

Akanywa glasi yote. Ulyana akajitupa kitini, akalia kwa kwikwi kama mtoto, nami kwa furaha niliyokuwa nayo nikamkatia kipande kikubwa cha mkate.